Shaka Linapoketi Nawe: Mwongozo kwa Anayeanza Taamuli ya Uzingativu

Kwa kawaida shaka huja katika dakika ya tatu. Umeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, umeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, umefumba macho na kuanza kuifuata pumzi kama ulivyoelekezwa, na dakika mbili za kwanza zimepita salama. Kisha pampu ya maji ya ploti inaanza kunguruma, jirani wa ghorofa ya juu anaburuta kiti, na kichwani mwako sauti inauliza: Ninafanya nini hapa? Hii kweli ni shughuli ya mtu mwenye akili timamu, ilhali karo haijalipwa na huko stejini foleni imeshaanza kurefuka?

Nimeketi na swali hilo kwa miaka sita katika nyumba ya kupanga mtaani Zimmerman, Nairobi, na kwa miaka mitatu iliyopita nimekuwa nikiwasaidia majirani na wafanyakazi wenzangu wachache waliotaka kuanza taamuli ya uzingativu, yaani kuketi kimya na kuizingatia pumzi. Baadhi yao wameendelea na baadhi wameacha. Ninapowakumbuka walioacha, naona kwamba ni wachache mno walioacha kwa kukosa nafasi, kwa maana dakika tano hazimshindi mtu, hata yule anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza ili aukwepe msongamano wa Thika Road. Waliacha kwa sababu walilichukua shaka kuwa ushahidi. Walidhani kwamba kama zoezi lingekuwa la kweli, au kama wangekuwa wanalifanya sawasawa, shaka lisingewajia.

Mashaka, hata hivyo, hayana uzito mmoja. Kuna shaka linalokujia ukiwa umeketi, na kuna shaka linalokujia ukiwa umesimama. Lile la kwanza huja na haraka, hudai uamuzi papo hapo, na aghalabu hutoweka pindi unapoinuka kwenda kubandika chai. Hili la pili hukufuata hadi kwenye foleni ya matatu, ukalikuta tena Jumamosi ukifua nguo, nalo ni swali halisi: Je, jambo hili linapingana na imani yangu? Lina faida iliyothibitishwa? Laweza kunidhuru? Shaka la kuketi hutazamwa, na shaka la kusimama hujibiwa. Tunapata taabu tunapoyabadilisha, yaani tunapoanza kujibizana na lile la kuketi huku dakika zikiyoyoma, au tunapolipuuza lile la kusimama kwa kujiambia kwamba ni mawazo tu, yatapita.

Njia ya kuyatenganisha ni rahisi. Weka daftari dogo karibu na mahali unapoketi. Shaka likija katikati ya kikao, litaje moyoni kwa neno moja, "shaka", kisha urudi kwenye pumzi bila kulijibu. Ukimaliza, liandike kwa sentensi moja. Jioni, baada ya chakula, lisome. Likiwa halikusumbui tena, basi lilikuwa kelele ya akili iliyochoka kutulia. Likiwa bado linakuuliza, linastahili jibu, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu majibu hayo.

Unachofanya hasa

Shaka linalowasumbua wengi kuliko yote ni hili: "Sijui kama ninafanya sawasawa." Naamini kwamba lugha yetu yenyewe imechangia. Tukimwambia mtu aketi "atafakari", anatii neno lilivyo, kwa kuwa kutafakari ni kufikiri kwa kina, na hivyo anaketi akafikiri kwa kina juu ya kodi ya nyumba, juu ya mkopo alioukopa kwa simu, juu ya maneno aliyoambiwa na msimamizi wake wiki iliyopita. Baada ya dakika kumi anainuka akiwa amechoka kuliko alivyoketi. Hata neno taamuli, ambalo nalitumia kwa kuwa lina heshima na limezoeleka maandishini, limebeba maana ya kuzama katika fikra. Ndiyo maana naliongezea neno uzingativu. Kuzingatia ni kuliweka jambo akilini na kutoliacha lipotee. Katika lugha ya Kipali, iliyohifadhi maandiko ya kale ya Wabudha ambako zoezi hili lilitoka, neno lake ni *sati*, na asili ya neno hilo ni kukumbuka. Ukikumbuka hivyo umeshapata maelezo yanayotosha: unaketi ili ukumbuke kwamba unapumua, na kila unaposahau, unakumbuka tena.

Keti kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, mgongo ukiwa wima bila kukakamaa, na mikono juu ya mapaja. Hakuna ulazima wa kukunja miguu sakafuni. Fumba macho, au kama kufumba kunakutia wasiwasi, yaelekeze chini, hatua moja mbele yako. Tega saa ya simu kwa dakika tano, uzime data, uiweke mahali ambapo mkono haufiki. Kisha tafuta mahali ambapo pumzi inasikika waziwazi mwilini mwako. Kwa wengine ni puani, ambako hewa inaingia baridi na kutoka na joto, kwa wengine ni kifuani, na kwa wengine ni tumboni, chini kidogo ya mbavu. Chagua mahali pamoja na usihamehame. Usiivute pumzi kwa nguvu wala usiirefushe. Iache ije inavyokuja. Hesabu kila unapotoa pumzi, kuanzia moja hadi kumi, halafu urudi kwenye moja.

Hutafika kumi mara nyingi, nakueleza mapema ili usishtuke. Utafika nne ukajikuta unajiuliza tokeni za stima zimebaki yuniti ngapi, au utajikuta umefika kumi na saba kwa kuwa hesabu iliendelea yenyewe wakati wewe hukuwepo. Ukigundua hivyo, rudi kwenye moja, bila kujikaripia. Hapo ndipo ninapomwomba mwanafunzi wangu asimame kidogo aone jambo ambalo ni rahisi kulipita: ile nukta uliyogundua kwamba umepotea, tayari ulikuwa umesharudi. Hukuirudisha akili kwa nguvu, ilizinduka. Huko kuzinduka ndiko tunakokuzoeza. Anayepotea mara thelathini na kuzinduka mara thelathini amefanya zoezi mara thelathini, na aliyeketi dakika tano akiwa mtulivu kwa sababu alikuwa anasinzia hajalifanya hata mara moja.

Niruhusu nieleze kikao kimoja, changu cha juzi asubuhi, nikiwa nimeshafanya zoezi hili kwa miaka sita. Pumzi ya kwanza hadi ya sita nilikuwa nazo. Ya saba ilinipeleka kwenye barua pepe ambayo sikuijibu, na nikaiandika yote kichwani, pamoja na salamu za mwisho, kabla sijazinduka. Nikarudi kwenye moja. Mlinzi akafungua geti, lile geti ambalo bawaba yake inalia sauti mbili, ya juu kisha ya chini, na kwa muda nikasikiliza bawaba badala ya pumzi, jambo ambalo si baya. Moja, mbili, tatu. Goti la kushoto likaanza kuwasha. Nikaamua kutojikuna, nikaangalia muwasho ukipanda, ukafika kilele, ukapungua, na katikati ya kuuangalia nikaanza kujisifu kwa uvumilivu wangu, na sifa hizo zikanipeleka mbali kuliko barua pepe. Nikarudi. Pumzi mbili au tatu zikafuata ambazo zilikuwa pumzi tu. Saa ikalia. Kikao hicho hakikuwa kizuri wala kibaya, nami sitaki mtu anayeanza adhani kwamba wazoefu huketi katika ukimya wa msitu.

"Lakini akili yangu haitulii kabisa"

Kila mtu huniambia hivi akiamini kwamba akili yake ina kasoro ya pekee. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 2,250 kwa simu zao, wakiulizwa kwa nyakati za kushtukiza walikuwa wanafanya nini na kuwaza nini. Takriban asilimia 47 ya nyakati hizo, mawazo yao yalikuwa mbali na shughuli iliyokuwa mikononi mwao. Hiyo ni karibu nusu ya muda wa kuwa macho, nao walikuwa kwenye shughuli zao za kila siku, hawakuwa wameketi kufanya taamuli. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliwaacha watu chumbani kwa dakika 15 wakiwa na mawazo yao tu na kitufe cha kujitia mshtuko mdogo wa umeme, mshtuko ambao awali walikuwa wamesema wangelipa fedha ili wauepuke. Wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walikibonyeza. Nautaja kwa sababu unanisaidia kumwambia mtu, bila kumbembeleza, kwamba ugumu anaouona si wake peke yake. Kukaa na nafsi yako bila shughuli ni jambo zito kwa binadamu, awe Virginia au mtaani Umoja.

Wabudha wa kale walilijua hili. Walipoorodhesha vizuizi vya mtu anayeketi walitaja vitano: tamaa ya vitu vya kupendeza, chuki, uzito na usingizi, kuhangaika pamoja na majuto, na cha tano ni shaka. Mtu akiniambia amejawa na shaka, humkumbusha kwamba lilikuwa kwenye orodha tangu zamani, pamoja na usingizi. Hakuna anayesinzia katika kikao akahitimisha kwamba hana uwezo wa kuketi; atasema amechoka. Nalo shaka lichukuliwe hivyohivyo, kama hali inayokuja na kupita, yenye dalili zake mwilini. Likija tena, tazama liko wapi: huenda ni kifua kilichobana, au mkono unaotaka kuifikia simu, au taya zilizoumana. Ukiliona mwilini litakuwa limepunguza maneno yake.

Maswali yanayostahili jibu

Swali la imani ndilo nililokutana nalo mapema zaidi, na lililetwa na mama yangu. Alikuja kunitembelea kutoka Voi katika mwaka wangu wa pili, akanikuta sebuleni alfajiri nimefumba macho. Alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unamwita nani hapo?"

"Simwiti mtu, mama. Nahesabu pumzi."

Akanyamaza kidogo. "Na ukimaliza kuhesabu, unasali?"

"Nasali, mama."

"Basi anza na kusali."

Nimeufuata utaratibu huo hadi leo, na nauona kuwa wa busara kuliko hoja nyingi nilizosoma. Lakini swali lake linahitaji pia jibu la ukweli. Zoezi hili lina asili ya Kibudha, na si haki kumficha mtu jambo hilo ili akubali kuketi. Muundo wake wa kisasa ulianza mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipofungua mpango wa mafunzo katika kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu sugu na msongo ambao tiba ya kawaida haikuwa imewafaa vya kutosha. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Zen, tawi mojawapo la Ubudha, lakini katika mpango huo hakukuwa na ibada, kiapo wala sanamu. Kulikuwa na pumzi, mwili, mwendo wa polepole na mazungumzo. Waumini wa dini zetu nao wana njia zao za ukimya. Katika tariqa za Kisufi kuna muraqaba, ambapo mja huuchunga moyo wake akijua kwamba Mola anamwona. Watawa wa Kikristo wa jangwa la Misri, tangu karne ya 4, walikaa upweke wakirudia maneno machache ya zaburi. Hayo hayalingani na kuhesabu pumzi, kwa kuwa yanaelekezwa kwa Mungu ilhali pumzi haielekezwi kwa yeyote, na nisingependa kuyachanganya. Mwenye shaka la imani asilikandamize. Azungumze na imamu, padri au mchungaji anayemwamini, amweleze kwa usahihi anachofanya akiwa kitini, kisha aamue akiwa na amani.

Swali la faida nalo lina jibu, ingawa jibu hilo ni la kiasi kuliko matangazo ya mtandaoni. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la *JAMA Internal Medicine* lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waandishi wake walipata ushahidi wa wastani kwamba programu za uzingativu hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakupata ushahidi kwamba zinashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa afya ulipendekeza mwaka 2004 aina ya uzingativu iliyounganishwa na tiba ya kisaikolojia kwa watu waliowahi kuugua sonona mara tatu au zaidi, ili isiwarudie. Kwa hiyo, mtu anayeahidiwa kwamba dakika kumi kwa siku zitabadilisha maisha yake yote ana haki ya kutilia shaka. Mtu anayeambiwa kwamba huenda akapata nafuu ya kiasi katika wasiwasi wake, kama ambavyo angepata kwa kutembea kwa kasi kila jioni, anaambiwa jambo lenye msingi. Kama kutembea kunakufaa zaidi, tembea.

Shaka la tatu ni la Nairobi hasa, nalo huniuma ninapolisikia: kwamba haya ni mambo ya watu wa Karen na Lavington, wenye mikeka ya bei ghali na bustani tulivu, si ya mtu anayelala katika bedsita yenye ukuta mwembamba. Naelewa linakotoka, kwa kuwa picha zinazotangaza taamuli huonyesha maisha ya aina hiyo. Lakini pumzi haina ada ya kujiunga. Mama mmoja jirani yangu, muuza mboga anayekwenda sokoni Marikiti saa kumi za usiku, huketi dakika nne juu ya kreti iliyofunikwa pindi anapomaliza kupanga mboga na kabla wateja hawajafika. Aliniambia kwamba siku hizi husikia hasira ikipanda kabla haijafika mdomoni, na kwamba hilo limemwachia wateja wawili ambao zamani angewafukuza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo walimu wengine huliruka. Kuna anayeuliza, "Pumzi itanilipia kodi?" na jibu ni hapana. Shida yako ikiwa ni mwajiri aliyekaa na mshahara wako miezi miwili, nenda kwa afisa wa kazi, au kwenye chama cha wafanyakazi, ukatetee haki yako. Ukiketi, keti ili uende ukiwa na kichwa kilichotulia. Kuketi kusikufundishe kuzoea kuonewa, na mtu yeyote anayelitumia zoezi hili kuwanyamazisha wafanyakazi wake analitumia vibaya.

Kelele, usingizi na miguu iliyokufa ganzi

Mambo ya mwili hayahitaji maneno mengi. Miguu ikifa ganzi, kwa kawaida ni mishipa ya fahamu iliyobanwa. Ibadilishe polepole, ukiangalia hisia inavyorudi, na kesho uongeze mto. Usingizi ukikulemea kila asubuhi, jiulize kwanza unalala saa ngapi, kwa sababu mtu mzima anahitaji angalau saa saba na wakazi wengi wa jiji hili hawazipati. Asiyezipata haongezi nidhamu ya kuketi, anaongeza usingizi, au anahamishia zoezi wakati wa mapumziko ya mchana. Katika kikao chenyewe, fungua macho, simama, au utembee hatua kumi kwenda na kumi kurudi ukizisikia nyayo zikigusa sakafu.

Kelele ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na ushauri wangu ni kwamba usisubiri ukimya, maana hautakuja. Adhana, mkesha wa kanisa, jenereta, bodaboda inayowashwa mara nne kabla haijakubali, makanga anayepiga bodi la gari huku akiita abiria wa katikati ya jiji: vyote ni sauti, na sauti inaweza kuchukua nafasi ya pumzi. Siku zenye kelele nyingi acha hesabu kabisa, usikilize. Sikiliza honi bila kumtafuta aliyeipiga. Iangalie inavyoanza, inavyodumu, inavyokwisha, na chuki inayoifuata sekunde moja baadaye, ambayo haikutoka barabarani. Nilijifunza zaidi kuhusu hasira yangu kwa kusikiliza honi pale Roysambu kuliko nilivyojifunza katika asubuhi zote nilizoketi msituni Karura, ingawa Karura naipenda na humshauri yeyote anayeweza kufika kule mara moja kwa mwezi aende. Ndani ya matatu unaweza pia kufanya zoezi, lakini macho yawe wazi na mkoba uwe mapajani, mikono juu yake. Uzito wa mkoba ndio utakaouzingatia.

Wakati wa kusimama

Kuna hali ambayo shaka ni onyo, na usiliketie. Mapitio ya tafiti 83 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba takriban asilimia 8 ya watu waliofanya taamuli walipata madhara ya aina fulani, hasa wasiwasi na huzuni. Aliyepitia ukatili, ajali mbaya au msiba wa ghafla anaweza kufumba macho akakuta pale pale gizani kitu alichokuwa amekifungia kwa miaka. Mwanamke mmoja niliyekuwa namsaidia alianza kutetemeka katika kikao chake cha tatu. Alikuwa amefiwa na mume miezi mitano kabla, na pumzi ilimrudisha kwenye chumba cha hospitali ambako alikuwa amehesabu pumzi za mwingine. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikumuuliza lolote kabla hatujaanza. Tangu hapo huuliza.

Likikutokea, fungua macho. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: pazia, ndoo, kalenda, sufuria, mlango. Kanyaga sakafu kwa nguvu, nawa uso kwa maji baridi, mpigie simu mtu wako. Usirudi kitini siku hiyo. Ukirudi siku nyingine, rudi kwa dakika mbili, macho yakiwa wazi, na badala ya pumzi zingatia nyayo au sauti za nje. Hofu ikiendelea siku baada ya siku, ukiwa huli au hulali, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, acha zoezi na uende ukaonane na daktari. Katika hospitali za umma za jiji wako wahudumu wa afya ya akili, na Hospitali ya Mathari ipo kwa ajili hiyo. Ukiwa unatumia dawa za akili, usiziache kwa sababu umeanza taamuli.

Ukikatiza

Utakatiza. Mtoto ataugua, kutakuwa na mazishi mashambani, kazi za mwisho wa mwezi zitakumaliza, na wiki mbili zitapita hujaketi hata mara moja. Shaka litakalokuja hapo litasema kwamba wewe si mtu wa kudumu katika jambo. Watafiti wa London waliowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya waliona kwamba ilichukua siku 66 kwa wastani jambo kuwa la kawaida, lakini kati ya mtu na mtu zilitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Wiki mbili ni zaidi ya siku moja, najua. Hata hivyo sijaona aliyepoteza kila kitu kwa wiki mbili; nimeona waliopoteza miezi sita zaidi kwa sababu ya kuona haya kurudi.

Kurudi kusiwe kwa kishindo. Usijitoze dakika ishirini ili kulipa deni. Funganisha zoezi na jambo ambalo hulikosi, kwa mfano kuchemsha maji ya chai: weka sufuria jikoni, washa gesi, simama hapo hapo mikono ikiwa imelegea, na uhesabu pumzi kumi kabla maji hayajaanza kutoa sauti. Fanya hivyo siku tatu. Siku ya nne, vuta kiti, utege dakika tano, na uweke daftari karibu, kwa sababu dakika ya tatu utalihitaji.